Hakufukuzwa: Maisha ya Gratien Niyonsaba, 1962–2003

Marehemu Gratien Niyonsaba aliikanyaga nchi yake, Rwanda, kwa mara ya kwanza akiwa na miaka thelathini na miwili, katikati ya daraja la Rusizi, asubuhi ya tarehe 9 Januari 1995. Alikuwa amebeba godoro kichwani. Nyuma yake alikuja mkewe, Odette Mukakalisa, mjamzito, amemshika mkono mtoto wao Manzi. Walikuwa wameiacha Bukavu, mji uliowazaa, na mbele yao kulikuwa na milima ambayo wazee wao waliisimulia kila jioni hadi watoto wakaijua kwa majina bila kuikanyaga. Kwa macho ilikuwa milima ileile waliyoiacha, migomba ileile, vumbi lilelile. Gratien alimwambia Odette baadaye kwamba alidhani nchi ya mtu ingekuwa na alama fulani.

Alipokwisha kuvuka, askari alimwita kutoka nyuma asimame. Gratien akaendelea kutembea. Akaitwa tena. Akaendelea. Odette akasikia bunduki ikikokiwa, akamrukia mumewe begani huku akipiga kelele kwamba mtu huyu hasikii, ni kiziwi. Gratien akageuka, akamwona askari, akatua godoro, akamsalimu kwa Kinyarwanda safi cha wazee.

"Kiziwi gani anaongea hivi?" askari akamwuliza Odette.

Wakawekwa kando hadi adhuhuri. Ndivyo alivyoingia nyumbani. Swali la askari yule lilimfuata miaka minane na nusu, na familia imeomba lijibiwe leo, hapa mbele ya jeneza, kwa sababu wengi mliofika mmekuja nalo moyoni. Je, Gratien alikuwa kiziwi kweli? Na je, ile kazi ya depo ya malori aliiacha, au alifukuzwa kwa upelelezi, kama inavyosemwa Kamembe?

Alizaliwa tarehe 3 Juni 1962, Kadutu, Bukavu, mtoto wa pili wa Mzee Habineza na Mama Mukamana. Wazazi wake walikuwa wakulima wa Gitambi, Rwanda. Walivuka mto mwaka 1961, wakati wa machafuko, wakiwa na binti yao mkubwa, Mukamurenzi, mgongoni. Mzee Habineza hakujenga nyumba ya matofali Bukavu hadi alipofariki, kwa kuwa aliona ni kama kukubali kwamba hatarudi. Alifia kwenye nyumba ya mbao.

Gratien alianza shule ya msingi mwaka 1968 na alikuwa mtoto wa kelele, anayeimba kanisani. Mwaka 1973, akiwa na miaka kumi na mmoja, aliugua ugonjwa wa uti wa mgongo, ule tunaouita mugiga. Alipopata nafuu aliwauliza wazazi wake mbona wanaongea bila sauti. Hakusikia tena tangu siku hiyo. Lakini maneno alikuwa nayo tayari, ya Kiswahili, Kinyarwanda, Kifaransa cha darasani na Mashi ya sokoni, lugha ya Bashi wa Bukavu. Akajifunza kuyasoma midomoni mwa watu. Alikaa dawati la mbele, mwalimu akigeukia ubao anasubiri, mwalimu akigeuka tena anaendelea. Kwa namna hiyo alimaliza masomo ya biashara ya sekondari mwaka 1983.

Hapa inafaa kueleza jambo moja, maana bila hilo mengine hayataeleweka. Midomoni, herufi P, B na M ni mapacha watatu. Midomo inafumba, inafumbuka, basi. Mwenye kusikia huzitenganisha kwa sikio. Kiziwi huzitenganisha kwa kubahatisha. Gratien alipenda kutania kwamba angekuwa yatima asingejua amefiwa na nani. "Kwangu Papa na Maman ni muntu moya," alikuwa akisema. "Naangaliaka mwenye kushika mwiko."

Kuanzia mwaka 1984 alifanya kazi ya magasinie, yaani mtunza ghala, katika duka la vifaa vya ujenzi Bukavu. Huko ndiko Odette alikomkuta, alipotumwa misumari. Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 20 Agosti 1988. Haikuwa rahisi. Wajomba wa Odette, nao wakimbizi kutoka Nyakabuye, hawakumwamini. Walikuwa wamemwona akicheka kwenye sherehe kabla ya wenzake, kwa sababu aliiona hadithi midomoni mwa msimulizi aliyekuwa mbali, ng'ambo ya uwanja. Kiziwi gani, wakauliza, anacheka wa kwanza?

Basi siku alipokuja kujitambulisha, mjomba mmoja alijipenyeza nyuma yake na kuangusha sufuria. Sakafu ilikuwa ya mbao. Gratien akageuka.

"Munaona," mjomba akasema. "Anasikia."

"Nilisikia na miguu," Gratien akamjibu. "Hata ng'ombe anasikiaka na miguu. Muninyime bibi, lakini musininyime miguu."

Wakacheka, wakampa mke. Lakini mjomba yule aliendelea kumchunguza hadi siku ya harusi, na inasemekana alikuwa akimtukana kwa sauti ya chini kwa nyuma, ili tu kuhakikisha.

Baada ya kuvuka, familia ilikaa kwanza Gitambi, kwenye shamba la marehemu Mzee Habineza, ambako binti yao Mahoro alizaliwa tarehe 2 Mei 1995. Kisha wakahamia Kamembe. Wale waliorudi kutoka Zaire waliitwa Dubai, kama bidhaa zinazong'aa dukani na kuvunjika nyumbani. Gratien alilijua jina hilo mapema kuliko wenzake, maana liliposemwa kwa kunong'ona yeye aliliona.

Mwezi Juni 1996 alipata kazi ya magasinie kwenye depo ya malori, hapa Kamembe, chini ya msimamizi aitwaye Théoneste. Familia haina haja ya kulitaja jina la kampuni; ilikwisha kufungwa. Théoneste naye alikuwa amerudi kutoka nje, mtu wa kazi, mkali, asiyependa kushtukizwa. Mwanzoni alimsifu Gratien. Ghala lilikuwa safi na mizigo haikupotea.

Lakini ile ilikuwa miaka ya kutazamana. Vita vya Kongo vya kwanza vilipita, vikaja vya pili, watu walivuka daraja jioni na asubuhi hawakuonekana. Kila mtu alijiuliza nani amesikia nini, na amempelekea nani. Katika hali hiyo, mtu anayejua mlichoongea mkiwa mbali, nyuma ya kioo, ndani ya gari lililofungwa, hawezi kuonekana mtu wa kawaida. Pale depo walimpa jina la Antena. Wengine walisema uziwi wake ni ujanja aliofundishwa. Lisemwalo lipo, wakasema. Hakuna aliyekwenda kumwuliza mama yake.

Tarehe 12 Novemba 1998 lilitokea jambo ambalo Kamembe inalicheka hadi leo, ingawa nyumbani kwa Gratien lilichekwa mara moja tu, siku ileile. Dereva mmoja wa Bukavu, Mukengere, rafiki yake wa siku nyingi, aliingia na lori la magunia ya maharage. Katikati ya magunia alikuwa ameficha madumu ya kasiksi, pombe ya ndizi, aliyotaka kumletea shemeji yake bila forodha kujua. Akamvuta Gratien pembeni, akatazama kushoto na kulia, akamwambia kwa midomo tu: "Chunga, mule katikati muko pombe."

Gratien aliona "bombe", yaani bomu, kama tunavyoliita hapa kwa Kifaransa. Akauliza kwa sauti ya chini: "Bombe?"

Sauti ya Gratien, kama mnavyokumbuka, haikutofautisha vizuri herufi hizo. Mukengere akasikia "pombe". Akatikisa kichwa kukubali, akaweka kidole mdomoni.

Gratien hakukimbia. Huo ni ushahidi wa wote waliokuwepo. Alipita kwanza ghalani kuwagusa watu mabegani mmoja mmoja, wapakuzi, mafundi, akina mama waliokuwa wakichambua maharage, akiwaambia watoke. Neno likamtangulia. Depo nzima ikaporomoka mtelemkoni. Théoneste alikuwa wa kwanza barabarani, na kiatu chake kimoja kilibaki mlangoni, mbele ya ofisi yake, wafanyakazi wote wakikiona. Askari wakaja, wakapakua kwa uangalifu mkubwa, wakafikia madumu, mmoja akanusa. Inasemekana madumu hayo yalichukuliwa kwa uchunguzi zaidi na hayakurudi.

Watu walicheka. Théoneste hakucheka. Alimwita Gratien ofisini, na Hamdani, fundi wa maturubai aliyekuwa na cherehani yake kwenye kibaraza cha ofisi, aliyasikia yote.

"Kama hausikii, uko hatari kwa kazi," Théoneste alimwambia. "Kama unasikia, ulitutoa inje na akili yako, na mimi nataka kujua nani aliingia tukiwa inje. Chagua moja."

"Na kama nilikosea neno?"

"Muntu wa kusoma mudomo kutoka ng'ambo ya barabara hakosei neno."

Kuanzia hapo wakaanza kumpima. Walimwita kwa jina akiwa amewapa mgongo. Walipiga kengele. Siku moja Théoneste mwenyewe alisimama nyuma yake akasema, kwa sauti ya kawaida, kwamba mtoto wa Gratien amegongwa na gari pale stendi. Gratien aliendelea kupanga magunia. Hamdani anasema sindano ilimchoma kidole, akaiacha humo. Kwa mtu yeyote mwingine jambo hilo lingemaliza mashaka. Lakini wao walisema alikuwa ameonywa kabla.

Kisha wakaanza kuziba midomo. Akiingia ghalani, mikono inapanda usoni. Watu wanaongea nyuma ya viganja, au wanageukia ukutani. Hata wale ambao hawakuwa na neno naye waliziba, kwa kuogopa kuonekana hawazibi. Kazi yake yote ilipita midomoni mwa watu, kwa hiyo mizigo ikaanza kuchanganyika, na kuchanganyika huko kukaitwa uzembe. Mwezi Januari 1999 alitolewa ghalani akapelekwa uwanjani kuosha malori, mahali ambapo magari hurudi nyuma kwa kupiga honi. Lori moja lilimkosa kwa sababu Hamdani alimvuta kwa ukosi wa shati.

Gratien aliomba jambo moja tu. Aliomba arudishwe ndani, akae penye mwanga, na anayemwambia kitu amtazame. Théoneste alimjibu: "Kampuni haiwezi kugeuza vichwa vya batu bote juu ya muntu moya."

Jumatatu, tarehe 1 Machi 1999, wafanyakazi walipokusanyika asubuhi kugawiwa kazi, Gratien aliomba ruhusa ya kuongea. Alisimama mbele yao, akaweka kiganja juu ya mdomo wake mwenyewe, akasema kutoka nyuma yake:

"Munanisikia?"

Wakamwambia wanamsikia.

"Munanisikia vilevile nyuma ya mukono?"

Ndiyo, wakasema.

Akauondoa mkono. "Basi kwenu mukono hauko kitu. Kwangu njo mulango, na mumeufunga. Mimi sifukuzwe na muntu. Naenda. Mubaki na amani."

Akamrudishia Théoneste ufunguo wa kabati, akatoka. Hayo aliyasema mbele ya depo nzima, na wengi waliokuwa pale wamo ndani ya kanisa hili. Hata hivyo kabla ya jua kuzama Kamembe ilikwisha kuamua kwamba amefukuzwa, na kabla ya juma kuisha ilijua sababu. Alipoomba kazi kwingine aliambiwa arudi kesho. Majirani walianza kufunga dirisha la upande wake. Mwenye kuumia zaidi alikuwa Odette. Yeye alizisikia sauti ambazo mumewe hakuweza kuzisikia, na akalazimika kuchagua zipi amwambie.

Hamdani alihamisha cherehani yake kutoka kwenye kibaraza cha depo siku chache baadaye. Hakutoa hotuba. Alipanga kibanda karibu na soko, akamwita Gratien washone maturubai ya malori pamoja. Turubai tunaliita bashi, na Mukengere, ambaye ni Mushi, mmoja wa Bashi, alikuwa wa kwanza kuleta la kwake. "Banatuita Bashi kwani?" aliwaambia. "Juu sisi njo tunafunika mizigo." Gratien alimwomba arudie mara mbili, si kwa kutoelewa, ila kwa kufurahi. Walifanya kazi hiyo miaka minne. Hamdani alizoea kukaa upande wa mwanga, kanzu yake ikiwa na vumbi la nyuzi, na kila alipotaka kusema alikuwa akigonga meza kwanza.

Mwezi Septemba 2002 Gratien alianza kuumwa. Macho yalipata umanjano, tumbo likajaa. Daktari alisema ni ini, na ni la muda mrefu. Lakini katika mkoa wetu mtu hafi hivihivi; husemwa amepewa sumu. Wakaja watu wa kumwuliza Odette nani alimpa kinywaji, lini, kwa kikombe gani. Odette naye, hafichi, alianza kuhesabu nyuso. Aliacha kupokea maziwa ya jirani. Chakula cha hospitali alikipika mwenyewe.

Mwezi Mei mwaka huu Théoneste alifika hospitalini bila kualikwa, na temosi ya uji. Wote mnaijua desturi: anayetoa kinywaji huonja kwanza, ili mpokeaji anywe kwa moyo mweupe. Théoneste akafungua temosi, akajimiminia kidogo kwenye kifuniko ili aonje. Alikitazama kifuniko kabla ya kukiinua. Odette aliliona hilo na akawaza alivyowaza.

Gratien akamshika kiwiko kabla hajanywa.

"Acha," akasema. "Mimi nilipimwa ya kutosha. Sipime muntu."

Akachukua kifuniko, akanywa, akaomba tena. Odette hakulala siku mbili. Uji ulikuwa uji.

Gratien alifariki Jumanne, tarehe 17 Juni 2003, alfajiri, akiwa na miaka arobaini na mmoja, baada ya kupokea sakramenti. Ugonjwa wake ulikuwa wa ini. Familia inalisema hilo mara moja, na inaomba lisirudiwe kwa namna nyingine njiani kurudi nyumbani. Familia haimshtaki mtu.

Jana alasiri, kwenye kilio, Théoneste alikuja kuomba awe mmoja wa wabebaji wa jeneza. Odette alimwambia asimame penye watu wote, akamwuliza.

"Bwana yangu ulimufukuza ama aliondoka?"

"Aliondoka. Mimi ningemubakiza uwanjani mpaka achoke."

"Alikuwa anasikia ama hasikii?"

Théoneste alisema: "Maman Manzi, nikikudanganya hapa itakuwa mbaya zaidi. Sijui. Hata leo kuna siku naamuka nikijiuliza. Lakini hiyo ni ugonjwa yangu, haikuwa yake."

Kutoka nyuma Mukengere akasema, "Na kasiksi yangu, hakuna mwenye anaililia?" Watu wakacheka kidogo, wakapata pumzi.

Odette alimgeukia Théoneste. Kisha akasema: "Beba. Ni muzito. Hautapata nafasi ya kujiuliza."

Kwa hiyo majibu ni haya. Gratien Niyonsaba hakusikia sauti yoyote tangu mwaka 1973. Kazi aliiacha mwenyewe, kwa kuwa hakuna aliyekubali kumgeuzia uso. Hakumpeleleza mtu. Anayetaka kuamini ameambiwa. Asiyetaka, marehemu hakuwahi kumlazimisha mtu, na familia haitaanza leo.

Ameacha mjane, Odette Mukakalisa. Watoto wawili, Manzi na Mahoro. Mama yake mzazi, Mama Mukamana, wa Gitambi. Dada yake, Mukamurenzi, wa Nyakabuye, pamoja na wapwa. Na Hamdani, ambaye familia inaomba ahesabiwe kama kaka.

Baada ya ibada gari litaondoka kwenda Gitambi, ambako atazikwa karibu na mgomba wa baba yake, katika ardhi aliyoingojea miaka thelathini na miwili na kuilima mmoja. Théoneste atashika upande wa mbele kushoto, Hamdani wa kulia. Msomaji wa wasifu huu, ambaye ni mpwa wake, hatasafiri nao. Wageni wa Bukavu bado wako darajani, karatasi zao zinakaguliwa, na lazima mtu abaki Kamembe awapokee, awaambie wamemkosa kwa muda mfupi.

Nenda, mjomba. Mungu akupokee bila kukuuliza mara mbili, na upumzike katika amani yake.